Udadisi Darasani: Kufundisha kwa Maswali, Kutoka Malangali hadi Nangara

Kujifunza kwa udadisi ni njia ya kufundisha ambayo humwanzisha mtoto kwenye swali badala ya jibu: mwanafunzi hukabidhiwa kitu au jambo la kuchunguza, hukisia, hupima, hulinganisha alichokiona na walichokiona wenzake, kisha huitetea hoja yake mbele ya darasa, huku mwalimu akiwa mwongozaji anayejua wakati wa kunyamaza na wakati wa kuuliza. Katika miaka ya karibuni njia hii imehusishwa mno na shule za msingi za kimataifa, kiasi kwamba wazazi wengi wa Tanzania huiona kuwa jambo geni lililoingia nchini pamoja na ada kubwa na masomo ya Kiingereza. Historia ya elimu ya nchi hii inaonyesha vingine, kwani njia hiyo ilikwisha kujaribiwa katika shule za kawaida za vijijini zaidi ya nusu karne iliyopita, ikatetewa katika maandiko rasmi ya taifa, ikaandikiwa miongozo na kufundishwa vyuoni, na kila mara iliporudi nyuma haikuwa kwa sababu watoto au walimu waliishindwa, bali kwa sababu mazingira yaliyoihitaji yaliondolewa au hayakuwekwa kabisa.

Mahali pazuri pa kuitazamia historia hiyo ni Nangara, moja ya kata za mji wa Babati, mji uliokulia kando ya barabara kuu ya kaskazini, ile iliyokusudiwa na Waingereza kuwa kipande cha njia ya kutoka Cairo hadi Cape Town. Wilaya ya Babati ilizaliwa mwaka 1985 kwa kumegwa kutoka Hanang, na mwaka 2002 mji huo ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Watu wake ni wa asili nyingi: Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi, Wabarbaig, ambao lugha yao ni ya Kiniloti, Warangi na Wambugwe, ambao ni Wabantu, na mbali kidogo, upande wa Ziwa Eyasi na wa Kondoa, Wahadza na Wasandawe wenye lugha za vidoko, yaani sauti za kualika ulimi. Ni sehemu chache sana za Afrika ambako makundi ya lugha yaliyo mbali hivyo kwa nasaba yanakutana katika soko moja na katika darasa moja, na jambo hili lina uzito katika habari inayofuata, kwa kuwa mtoto huuliza kwa lugha.

Kabla ya shule, elimu ya watoto wa sehemu hizi haikukosa uchunguzi. Mtoto mchungaji alijifunza kusoma malisho, kutambua mnyama mgonjwa kwa mwendo wake na kukadiria mvua kwa dalili za mlima na upepo, naye alisahihishwa na matokeo yenyewe kabla ya kusahihishwa na mkubwa wake. Hata hivyo si haki kuipamba elimu hiyo kupita kiasi, kwa maana katika mambo ya mila na ya madaraka swali la mtoto kwa mzee lilikuwa na mipaka, na mafunzo ya jando yalimtaka kijana apokee zaidi kuliko ahoji. Udadisi ulikuwapo porini na shambani, ila barazani ulikuwa na adabu zake.

Shule za wakoloni zilikuja na utaratibu mwingine. Wajerumani, waliofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, walihitaji makarani, wakalimani na akida, na Waingereza waliowafuata walihitaji watu wa namna hiyo hiyo, ingawa ripoti ya tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, iliwashauri kuifungamanisha elimu na maisha ya wenyeji. Jaribio lililojulikana zaidi la ushauri huo katika Tanganyika lilikuwa shule ya Malangali, Iringa, iliyofunguliwa mwaka 1928 chini ya W. Bryant Mumford. Majengo yake yalifuata umbo la tembe, na wazee wa kabila waliletwa kufundisha historia na mila. Malangali huchukuliwa na baadhi ya waandishi kuwa chimbuko la elimu inayoanza na mazingira ya mtoto, lakini sifa hiyo inahitaji kupunguzwa, kwa sababu lengo lake lilikuwa kulisha mfumo wa utawala kupitia machifu ambao Gavana Donald Cameron alikuwa akiujenga, na mwanafunzi aliyeletewa mzee darasani alitarajiwa kumsikiliza mzee, si kumhoji. Mazingira yaliingia shuleni, udadisi haukuingia.

Ulipoingia, ulitoka mbali. Huko Chicago, John Dewey alikuwa amefungua mwaka 1896 shule ya majaribio iliyojengwa juu ya wazo kwamba mtoto hufikiri anapokuwa na tatizo la kweli mikononi, lakini wazo hilo lilikaa miongo mingi bila kugusa shule nyingi za Marekani kwenyewe. Lililolisukuma upya lilikuwa Sputnik, satelaiti ya Kisovieti iliyorushwa mwaka 1957, ambayo iliwatia Wamarekani hofu ya kuachwa nyuma katika sayansi na kuwafanya wanafizikia mashuhuri waingie katika kazi ya kutunga masomo ya watoto wa shule za msingi. Miongoni mwao alikuwa Jerrold Zacharias, ambaye mwaka 1961 alisaidia kuitisha mkutano uliowakutanisha wanasayansi wa Marekani na waelimishaji wa Afrika. Mkutano huo ulizaa kwanza vitabu vya hisabati vilivyotungwa Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka 1962, na baadaye, mnamo mwaka 1965, Programu ya Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, ambayo Tanzania ilishiriki pamoja na Kenya, Uganda, Malawi, Ghana, Nigeria na Sierra Leone.

Programu hiyo inastahili kuelezwa kwa utuvu, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza ambapo udadisi ulipewa nafasi ya kati katika darasa la kawaida la Mwafrika, tena kwa vifaa ambavyo havikugharimu chochote. Vijitabu vyake havikuwa vya kukariri, vilikuwa vya mwalimu, na kila kimoja kilishika jambo moja lililo karibu na mlango wa shule: mchanga mkavu na mchanga wenye maji, kupika, vifaranga vinavyokua darasani, wino na karatasi zinazotengenezwa kwa majani na magome. Kimoja kilichojulikana sana kilimhusu yule mdudu mdogo anayechimba vishimo vya mviringo kwenye vumbi na kujificha chini yake ili amnase sisimizi atakayeteleza, mdudu ambaye karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki amewahi kumchezea. Mwalimu hakutakiwa kueleza sehemu za mwili wake ubaoni. Alitakiwa kuwaacha watoto wamuulize mdudu mwenyewe, yaani waunde jaribio ambalo mwenendo wa mdudu ndio ungelijibu: je, huchimba katika mchanga wenye maji, huenda mbele au kinyumenyume, hufanya nini akikosa chakula kwa siku kadhaa? Kanuni iliyofichika humo ni nzito kuliko inavyoonekana, maana inamwondoa mwalimu katika kiti cha hakimu na kuuweka ulimwengu wenyewe mahali pake. Mtoto akibishana na mwenzake, wote wawili wanajua waende wapi kutafuta uamuzi.

Matokeo ya kazi hiyo yalipimwa nchini Kenya na Eleanor Duckworth, mwanafunzi wa zamani wa mwanasaikolojia Jean Piaget, kwa njia iliyokuwa ya kidadisi yenyewe. Hakuwapa watoto mtihani wa maswali na majibu, bali aliwaingiza kwa makundi katika chumba chenye vitu mbalimbali, akawaruhusu wavifanyie watakalo, na kuangalia walichokifanya, kwa namna ngapi na kwa kina gani. Watoto waliokuwa wamefundishwa kwa programu hiyo walibuni kazi nyingi zaidi na ngumu zaidi kuliko wenzao, na ripoti ya tathmini hiyo, iliyochapishwa mwaka 1978, imeendelea kusomwa na wakufunzi wa ualimu duniani. Hivyo moja ya nguzo za nadharia ya leo ya kujifunza kwa udadisi, inayorudi Afrika Mashariki ikiwa ndani ya miongozo ya shule za kimataifa, ilisimikwa katika madarasa ya Kiafrika, ingawa si wengi Afrika Mashariki wanaoambiwa hivyo.

Katika miaka hiyo hiyo Tanzania ilitoa ushahidi mwingine, safari hii kutoka kwa mwanafunzi mmoja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, mkoani Tanga, alitia maziwa ya moto katika jokofu wakati wa kutengeneza aiskrimu na kugundua kuwa yaliganda mapema kuliko ya mwenzake yaliyokuwa hayakupashwa moto. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amejichanganya, na alipolirudia swali hilo katika shule ya Mkwawa, Iringa, alichekwa, mpaka siku alipomwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyeitembelea shule hiyo, naye akakubali kulijaribu jambo hilo maabara. Makala yao ya pamoja ilitoka mwaka 1969 katika jarida la ufundishaji wa fizikia, na tangu hapo hali hiyo inaitwa kwa jina la Mpemba, ijapokuwa wanasayansi wangali wanabishana kuhusu sababu zake na hata kuhusu masharti ya kutokea kwake. Katika historia ya elimu, habari hii ina thamani mbili zinazokwenda pamoja: inaonyesha kwamba jicho la udadisi lilikuwapo, na inaonyesha darasa lilivyokuwa likilipokea.

Darasa la namna hiyo ndilo Julius Nyerere aliloshambulia katika andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Andiko hilo hukumbukwa zaidi kwa mashamba ya shule, na mara nyingi hukumbukwa kwa uchungu, kwani katika shule nyingi kujitegemea kuligeuka kuwa kazi ya jembe isiyo na somo lolote ndani yake. Hata hivyo, kati ya mambo ambayo Nyerere aliyataka kwanza kabisa kwa kijana aliyesoma ni akili yenye kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na yanayofanywa na wengine na kuyakataa au kuyarekebisha ili yafae mahitaji yake, na hali ya kujiamini kama raia. Shamba la shule lilikusudiwa kuwa mahali pa kujaribu mbegu, mbolea na hesabu za mapato, na wanafunzi washiriki katika maamuzi. Ni hasara kubwa kwa elimu ya Tanzania kwamba sehemu iliyoshikwa ikawa jembe na sehemu iliyoachwa ikawa jaribio.

Haikuachwa bila juhudi. Mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO, uliojulikana kwa kifupi kama MTUU, ulifanya kazi kupitia vyuo vya ualimu kuwapa walimu waliokwisha kuajiriwa mbinu mpya na kuwafuata hadi shuleni kwao, na katika kijiji cha Kwamsisi, mkoani Tanga, kulifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970 jaribio la shule ambayo masomo yake yalitokana na shughuli na matatizo ya kijiji badala ya kugawanywa kwa vitabu. Lakini wakati huo huo taifa lilifanya uamuzi wa haki ambao ulikuwa na bei. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, na ili watoto hao wapate walimu, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa wakiwa kazini, wakiitwa walimu wa UPE, yaani kifupi cha Kiingereza cha elimu hiyo ya msingi kwa wote. Kumlaumu mwalimu wa UPE ni kumwonea, kwani alibeba mzigo ambao bila yeye ungeachwa chini, ila mtu aliyepewa watoto sabini, kitabu kimoja na maandalizi mafupi hawezi kuendesha majadiliano ambayo majibu yake hayatabiriki. Kwa upande mwingine mtihani wa darasa la saba, uliowachagua wachache sana kwenda sekondari, ulimfundisha kila mzazi kipi kinalipa.

Shule za kimataifa zilikulia pembeni ya historia hiyo. Ile ya Tanganyika ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na ile ya Moshi mwaka 1969, kwa ajili ya familia za wataalamu wa hospitali ya KCMC. Ya Moshi ilifungua tawi Arusha mwaka 1987, na mwaka 2019 iliingia katika umoja wa vyuo vya United World Colleges. Kwa miaka mingi ufundishaji wa watoto wadogo katika shule za aina hii ulifuata desturi za Uingereza au Marekani. Mageuzi yalikuja kutoka kwa walimu wenyewe wa shule za kimataifa duniani, ambao mwaka 1990 walianza kutunga mtaala wa pamoja, na mwaka 1997 shirika la International Baccalaureate, lililoanzishwa Geneva mwaka 1968, likauchukua na kuufanya programu yake ya shule za msingi.

Katika programu hiyo masomo hayafutwi, bali hupangwa chini ya mada kuu 6 zinazorudi kila mwaka kwa kina kinachoongezeka: sisi ni nani, tuko wapi katika mahali na wakati, tunajieleza vipi, ulimwengu unafanyaje kazi, tunajipanga vipi, na namna ya kuishi pamoja katika sayari moja. Kila mada huzaa kipindi cha uchunguzi cha majuma kadhaa, chenye wazo moja la msingi na njia chache za kulifuatilia, na mwaka wa mwisho wanafunzi hufanya maonyesho ya uchunguzi waliouchagua wenyewe. Ukiutazama kwa makini, mfumo huu umezingirwa na ulinzi ambao shule ya Kwamsisi haikuwahi kuupata: darasa dogo, maktaba, walimu wanaopewa saa za kupanga pamoja, na zaidi ya yote kukosekana kwa mtihani wa kitaifa unaomngoja mtoto mlangoni. Ada kubwa inayolipwa na wazazi, kwa hakika, hununua masharti hayo. Njia yenyewe ya kufundisha haina bei.

Mji kama Babati umepokea wimbi hilo kupitia shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza, zilizoenea nchini tangu miaka ya 1990, ambazo nyingi huchukua lugha na sare za shule za kimataifa huku zikiendelea kuwaandaa watoto kwa mtihani ule ule wa taifa. Shule za serikali nazo zilipitia mambo mawili yanayovutana. Ada ilifutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka uliofuata, hata idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Na mwaka huo wa 2005, madarasa yakiwa yamefurika, mtaala ulibadilishwa ili uzingatie umahiri, maana yake kile mwanafunzi anachoweza kufanya badala ya kile anachoweza kurudia, na mwalimu akatakiwa kutumia mbinu shirikishi. Miaka 7 baadaye, mwaka 2012, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ukawa wa kuchagua herufi ya jibu, hata katika hisabati, ili mashine iweze kuusahihisha. Andalio la somo lilimtaka mwalimu amwulize mtoto amefikaje kwenye jibu. Mtihani ulitaka herufi tu.

Linabaki suala la lugha, ambalo katika mazingira ya Nangara lina uzito zaidi kuliko mengine yote. Mtoto anayekisia husema mambo yasiyokamilika, hujisahihisha katikati ya sentensi, hutumia mfano wa nyumbani na hubishana, na hayo yote huhitaji lugha ambayo haiogopi. Kiswahili, ambacho tangu 1967 ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ni lugha ya pili kwa watoto wengi wanaokulia katika Kigorowa, Kiiraqw au Kibarbaig, lakini ni lugha wanayoisikia sokoni, redioni na mtaani, hivyo huizoea upesi. Kiingereza hakina mtaa wa kukilea. Watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kuchunguza lugha ya kufundishia nchini Tanzania na Afrika Kusini, na kati yao Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha jinsi wanafunzi wa sekondari wanavyonyamaza pale somo linapotolewa kwa Kiingereza na kuchangamka linapotolewa kwa Kiswahili. Kama ndivyo ilivyo kwa kijana wa kidato cha kwanza, shule ya msingi inayotaka udadisi na papo hapo kumwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili uwanjani inajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Wala Nangara haihitaji kuagiza mada kutoka nje. Ziwa Babati, lenye viboko na wavuvi wake, hufurika katika baadhi ya miaka, kama lilivyofanya mwaka 1990 maji yalipoingia mjini, na mwaka 1995 mtafiti Klas Sandström alichapisha makala iliyouliza iwapo mafuriko hayo yalitokana na mabadiliko ya uoto wa ardhi inayolizunguka, yaani kukatwa misitu na kupanuka kwa mashamba. Hilo ni swali la kitaaluma ambalo mtoto wa darasa la tano anaweza kulishika kwa namna yake, akilinganisha chupa mbili za udongo, moja yenye majani na nyingine tupu, akipima mvua kwa kopo, na akiwauliza wazee maji yalifika wapi. Jirani na hapo upo msitu wa Duru-Haitemba, wenye takriban hekta 9,000, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake, lakini vijiji vinavyouzunguka, kwa msaada wa mradi wa ardhi uliofadhiliwa na Sweden, vilipima, vikajadiliana, vikaweka kanuni na hatimaye vikakabidhiwa usimamizi; jambo hilo limekuwa moja ya mifano inayotajwa sana Afrika katika usimamizi shirikishi wa misitu. Wakulima wa Babati walifanya kwa msitu wao kile ambacho mwongozo wa shule ya kimataifa ungekiita uchunguzi unaoishia kwenye utendaji, na habari yao ingefaa kusomwa na kuhojiwa katika kila darasa la mji huo.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024, vimepunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6 na kuifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, hivi kwamba mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hautakuwa tena lango la kuwatupa watoto nje. Kwa mara ya kwanza tangu Azimio la Musoma, kizuizi kilichomrudisha mwalimu kwenye ubao kila alipojaribu kutoka kimelegezwa kisera. Vilivyobaki ni ukubwa wa darasa, saa za mwalimu za kuandaa kazi pamoja na wenzake, na vijitabu vya aina ile iliyowahi kumfanya mdudu wa mchangani kuwa mwalimu, ambavyo safari hii vinapaswa kuandikwa kwa Kiswahili na kuanza na mlima Kwaraa ulio karibu na mji, na ziwa, na mifereji ya mitaa ya Nangara.